Ua Lililoandikwa Mara Mbili

Katika nchi yetu siku ilianza saa sita mchana. Lililotokea kabla ya hapo lilihesabiwa halijatokea. Mtoto aliyezaliwa alfajiri aliandikwa kazaliwa saa sita, na mgonjwa aliyekata roho asubuhi ilimbidi angoje mpaka saa sita ndipo afe kisheria. Jamaa zake walikaa naye wakimpungia nzi, midomo wameifunga, maana kumlilia mtu ambaye hajafa ni uchuro. Sijui nani alitunga sheria hiyo. Nadhani hakuna aliyeitunga. Wakubwa walikuwa na mazoea ya kuchelewa kuamka, na mazoea ya mkubwa yakikaa sana hugeuka sheria, kisha wadogo huanza kuamini kwamba jua lenyewe ndilo linalochelewa.

Nchi ilikuwa barabara moja, ndefu, nyeusi, isiyo na kona. Kando yake yalisimama mawe ya maili, na sisi tuliishi kati ya jiwe na jiwe. Ukimwuliza mtu kwao wapi, alikutajia namba. Mwisho kabisa lilikuwapo Jiwe la Mwisho, na ng'ambo ya hilo walipelekwa walioonekana kuwa wageni. Mtu akishavuka, jina lake lilifutwa, na jina likishafutwa hata mama aliyempa hakuruhusiwa kulitamka. Nimewahi kuwasikia akina mama wakiwaita wanawe jioni, huyu na huyu na huyu, halafu wanasita kidogo mahali fulani, wanameza mate, wanaendelea.

Mimi nilikuwa Mtambuzi. Kila kilichoota kando ya barabara kilipita machoni pangu. Nilikitazama, nikakipa jina, nikakieleza katika Kitabu cha Kando, kisha nikaamua kama ni mwenyeji au mgeni. Kilicho mwenyeji kiliachwa. Kilicho mgeni kiling'olewa, na yeyote aliyekutwa nacho kikapuni akawa mgeni vilevile, kwa hoja kwamba mtu hujulikana kwa chungu chake. Nilijivuna, sina haja ya kuficha. Nilikuwa na koti la kijani na kioo cha kukuzia, na watu waliponiona walificha vikapu vyao nyuma ya migongo. Niliita hiyo heshima.

Miaka niliyokaa katika kazi ile siwezi kuitaja. Tuliishi nusu ya kila siku, kwa hiyo miaka yetu ilikuwa nusunusu; mzee wa miaka sitini alikuwa ameandikwa thelathini. Ile thelathini nyingine aliiishi nani? Swali hili lilinijia mara kwa mara nikiwa nafunga vifungo vya koti, na kila lilipokuja nililifukuza, kwa sababu mtu anayelipwa kujua hapaswi kuulizwa na vifungo vyake.

*

Desturi ya kazi yetu ilikuwa hivi. Mtu akikamatwa na mmea mgeni, shina alilochumia linafungwa kitambaa chekundu, na yeye anafungwa kamba mguuni kwenye jiwe la karibu. Mlinzi wa ushahidi anakaa hapo tangu kunakucha ili shina lisibadilishwe wala kung'olewa. Saa sita baraza linafika, Mtambuzi anainama, anatazama, anatamka. Neno la Mtambuzi likitamkwa mbele ya jiwe halirudi. Kisha mtu anasindikizwa hadi Jiwe la Mwisho kabla jua halijatua, na kila mmoja anakwenda kula.

Siku hiyo mlinzi wa ushahidi alifiwa na shangazi yake. Hapakuwa na mwingine. Nikaambiwa, nenda wewe mwenyewe ukalinde, Jiwe la Tisa. Nilikasirika. Sikuwa nimeiona asubuhi tangu ujana wangu, na nilipotoka nje kukiwa kijivu, na umande umelowesha viatu vyangu, nilijihisi mwizi aliyeingia kwenye nyumba ambayo mwenyewe hajaamka.

Kwenye Jiwe la Tisa nilimkuta askari mmoja, Mbaruku, akila kiporo cha muhogo, na mwanamke wa makamo ameketi chini, kamba mguuni. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi la mawe. Wanawake wa Jiwe la Tisa waliponda kokoto. Ndizo zilizotandikwa barabarani, yaani ndizo zilizotandikwa nchini.

"Shikamoo, mama," nilisema. Ilinitoka kabla sijakumbuka kwamba Mtambuzi hamwamkii mshitakiwa.

"Marahaba, mwanangu. Umeamka?"

"Nimeamka."

"Ndiyo kwanza namwona mtu wa koti la kijani kabla ya adhuhuri. Mimi Siwatu. Ukitaka kuniandika, niandike vizuri."

 Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro, nikalitazama shina lenye kitambaa chekundu. Lilikuwa na majani marefu yenye meno, yamelala chini, na vikonyo vyembamba vilivyosimama wima, kila kikonyo na tumba lake, limekaza. Vizuri, nilijisemea, ndilo lenyewe. Nililijua. Nilikuwa nimeliandika mwenyewe.

*Ukurasa wa tisini. Ua bubu. Halifunguki. Hubana kichwa kama mwenye siri. Ukivunja kikonyo hutoka maziwa meupe. Chungu. Mgeni, huenea kwa hila, mizizi hutambaa chini ya ardhi. Ling'olewe.*

Maneno mazuri, niliyapenda hata asubuhi ile. Nilipoandika "kama mwenye siri" nilikuwa nimeshiba wali, na nilikaa dakika nzima nikijipongeza.

*

Yapata saa mbili jua lilipanda juu ya rundo la kokoto, likaugusa mtaro. Nilikuwa nimesinzia. Nilipofumbua macho, pale palipokuwa na tumba palikuwa na ua.

Lilikuwa wazi, la manjano, limejitandaza lote kuelekea jua, na mengine pembeni yake, na mengine chini ya mtaro mpaka ng'ambo ya Jiwe, barabara nzima. Sikukumbuka kuwahi kuiona barabara yetu ikiwa na rangi. Nilipandwa na hasira. Hili nililijua pia.

*Ukurasa wa arobaini. Ua wazi. La manjano, hucheka na jua. Majani marefu yenye meno. Mwenyeji wa tangu na tangu. Mboga ya heshima. Liachwe.*

"Afande!" nilimwita Mbaruku. "Mmenikalisha kwenye shina lisilo lenyewe. Hili ni ua wazi. Shina la ushahidi liko wapi?"

Mbaruku alifuta mikono kwenye suruali. "Ndilo hilo, mzee. Kitambaa nilikifunga mimi jana, kwa mikono hii."

"Basi kimehamishwa."

"Kimehamishwa na nani? Nimelala hapa hapa, kichwa juu ya shina. Angalia, limeniachia alama shavuni."

Alikuwa na alama ya jani shavuni. Nikamgeukia mwanamke. Niliinama nikaipima kamba yake. Haikufika kwenye mtaro. Nikakichunguza kitambaa: fundo lilikuwa limekauka na udongo wa jana. Nilitoa kioo changu, nikatazama meno ya majani, nikayahesabu, nikayahesabu tena. Nikavunja kikonyo kimoja pembeni. Maziwa meupe yalitoka, yakanishika vidoleni.

"Unatafuta nini, mwanangu?" aliuliza Bi Siwatu.

"Natafuta ulipolificha lile jingine."

"Jingine lipi? Huo si mchunga?"

"Mchunga ni nini?"

Alimtazama Mbaruku, Mbaruku akatazama viatu vyake. Kisha Bi Siwatu akacheka, kicheko kifupi, cha mtu aliyeumia mbavu. "Maskini ya Mungu. Wametupa mtu wa kutuhukumu na mchunga haujui."

*

Nisikilize, wewe unayesoma, maana sitapata mwingine wa kumwambia. Kuna woga wa kukutana na jambo usilolijua. Huo ni mdogo, unapita. Kuna woga mwingine, wa kulitazama jambo unalolijua mpaka lianze kukutazama. Nilikaa juu ya ukingo wa mtaro ule, nikaona kwamba nina njia moja tu ya kuwa na amani: niondoe macho. Ningemwambia Mbaruku alinde, nikaenda kunywa chai. Sikuondoka. Sijisifu, miguu ilikataa tu.

Saa tatu lilikuwa wazi. Saa nne lilikuwa wazi, na nyuki wawili walikuja, wakafanya kazi yao, wakaenda zao bila kuuliza ukurasa. Bi Siwatu alizungumza, si kwangu hasa. Alizungumza kama mtu anayeosha vyombo.

"Nyapara hutuamsha alfajiri tukaponde. Tunaachiwa adhuhuri. Mtu ukirudi na njaa yako unapita mtaroni, unachuma fungu, unachemsha, unamwaga maji ya kwanza, unatia nazi ukiwa nayo. Huna, unatia chumvi. Wale wa Jiwe la Pili na la Tatu, wasioponda, huchuma asubuhi. Mchunga huo huo. Wao hawakamatwi. Sisi tulidhani mnatuchukia tu."

"Hakuna anayewachukia," nilisema. "Ni suala la utambuzi."

"Haya."

"Nyinyi mnakutwa na ua bubu."

"Haya, mwanangu."

Ile "haya" yake ilinichoma kuliko tusi. Nilitaka abishe. Nilitaka kitu cha kukishinda.

Saa tano kasoro, petali za pembeni zilianza kuinuka. Nilidhani ni upepo. Hapakuwa na upepo. Ua lilikuwa linajikunja, polepole mno, kiasi kwamba sikuliona likijikunja. Niliona tu kwamba limekwisha kujikunja zaidi ya nilipolitazama awali. Nikaweka kidole changu karibu, kama mtu anayepima pumzi ya mgonjwa. Nikasema, acha. Nikaliambia ua, kwa sauti, mbele ya askari na mshitakiwa: acha, subiri. Manjano ilipungua ikawa duara, ikawa mstari, ikawa ncha. Barabara nzima iliingiza rangi yake ndani. Saa tano na nusu, chini ya kitambaa chekundu, palikuwa na tumba limebana kichwa, na mimi sikuwa nimepepesa macho hata mara moja.

Ukurasa wa arobaini. Ukurasa wa tisini.

Nilikumbuka sasa. Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa kijana mwenye kiherehere, sijafundishwa desturi. Nilitoka mapema, nikaliona wazi, nikaliandika, nikalisifia. Baadaye nikazoea. Nikawa naamka pamoja na wakubwa. Mwaka mwingine, baada ya chakula, waliniletea ua lililobana, nami sikulijua, na nilipofungua kitabu kulilinganisha niliona maelezo ya mtu mwingine kabisa, mtu aliyetumia neno "hucheka". Nilimdharau mtu huyo. Nikafungua ukurasa mpya. Ua moja lilipata majina mawili kwa sababu aliyelitazama alikuwa wawili, na yule wa mchana hakumjua yule wa asubuhi hata kwa salamu.

"Bi Siwatu," nilisema. "Ni ua moja."

"Ndiyo."

"Wote waliopelekwa..."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

"Kwamba mchunga ni mchunga? Nani asiyejua? Tulichokuwa hatujui ni habari ya saa, kwamba kosa letu ni kuchuma mchana. Hayo umeniambia wewe leo." Akasugua kamba mguuni. "Mwanangu Tunu mlimchukua hapa hapa. Jiwe hili. Wewe ndiye uliyetamka. Uliinama, ukasimama, ukasema ua bubu, ukafuta vidole kwa leso. Hukumtazama."

Mbaruku aligeuka haraka. "Bi Siwatu, jina hilo limefutwa. Usilitaje."

"Saa sita bado," alisema. "Sasa hivi sijasema kitu."

Nilijaribu kumkumbuka. Niliwakumbuka wote kwa mashina yao: hili lilikuwa na majani mapana, lile lilitafunwa na mbuzi. Uso hata mmoja sikuwa nao. Niliona aibu.

*

Baraza lilifika saa sita kamili. Mbele alikuja Msajili, mkuu wa baraza, mtu mnene mwenye sauti laini, na kando yake mpishi wake, Mzee Chande, ambaye ndiye pia aliyemshikia mwavuli. Nyuma yao watu wa Jiwe la Pili na la Tatu, wamevaa vizuri, maana kumtazama mtu akifukuzwa ilikuwa matembezi. Watu wa Jiwe la Tisa walisimama ng'ambo ya barabara, na vumbi lao. Kitabu cha Kando kilibebwa juu ya mto wa pamba.

Nilimvuta Msajili pembeni kabla hajaketi.

"Mheshimiwa, kuna kosa. Kosa langu. Ua wazi na ua bubu ni ua moja. Hufunguka asubuhi, hufunga adhuhuri. Nimeliona kwa macho yangu. Naomba baraza liahirishwe hadi kesho, tulitazame pamoja saa mbili asubuhi."

"Baraza halikai asubuhi."

"Mara hii moja tu."

Alinitazama kwa huruma, huruma ya kweli, na hapo ndipo nilipoogopa. "Mtambuzi," alisema taratibu, "unadhani mimi sijawahi kuamka mapema?"

Niligeuka nikalitazama shina.

"Kuna mwaka niliumwa tumbo, usingizi ukanipotea, nikaliona. Likafunguka, likafunga. Nikacheka peke yangu. Ni kosa zuri sana ulilofanya. Miaka mia tungekaa tukitafuta namna ya kuwatenga wanaoponda na wasioponda, tena bila kumtukana mtu, na wewe ukatupatia kwa ua. Sasa inama, tazama, tamka. Halafu uje nyumbani tule."

"Na nikikataa?"

"Utakuwa mtu aliyetamka uongo mara zote zilizopita. Adhabu yake unaijua. Ukitamka leo kama jana, hukuwahi kusema uongo." Akanipigapiga begani. "Mtu ni mwendelezo wake, bwana. Usijikate katikati."

Aliketi.  Nilipiga magoti kwenye mtaro, tumba likiwa limebana mbele ya pua yangu, na nikajua kwamba kila mtu anayetazama anaona ua bubu. Macho yao yalikuwa sahihi. Huo ndio ubaya wa uongo wa kweli: hauhitaji mtu kudanganya, unahitaji tu asije mapema.

Nitasema wazi nilichokihisi, maana nimechoka na mafumbo. Nilitaka kuishi. Nilitaka koti langu. Nilifikiria chakula cha Msajili, na harufu yake ikanijia, na nikamchukia Bi Siwatu kwa kuwa amekaa pale kimya bila hata kuniomba. Angeniomba ningeweza kumnyima. Ulimi wangu ulikuwa umeshikilia mwanzo wa lile neno. Nilikuwa nimekwisha sema "ua b—"

Kisha nikasimama.

"Ni mchunga," nilisema. "Asubuhi ni mchunga, mchana ni mchunga. Ua la ukurasa wa arobaini na ua la ukurasa wa tisini ni moja. Niliandika mara mbili kwa uvivu wangu. Natamka mbele ya jiwe."

Sauti ilipita katika watu kama upepo kwenye mahindi. Ng'ambo ya barabara mwanamke mmoja alipiga kigelegele, akajiziba mdomo. Neno lilikuwa limetamkwa, na neno halirudi. Hata Msajili hakuwa na uwezo wa kulirudisha.

Hakukasirika. Aliagiza Kitabu, akakiweka mapajani, akalowesha kidole ulimini, akafunua. "Mtambuzi amesema ni moja," alitangaza. "Sheria inamheshimu Mtambuzi. Ua moja haliwezi kuwa na kurasa mbili. Moja itoke." Akatulia kidogo, awape watu nafasi ya kutabasamu. "Lakini Mtambuzi hakusema ni upi ubaki."

Akachana ukurasa wa arobaini.

Aliuchana polepole, kwa ufundi, bila kuacha pindo. Ukurasa wa mwenyeji ulikunjwa mara nne ukaingia mfukoni mwake.  Nilikuwa nimesema kweli, na kweli yangu imewafanya wote kuwa wageni. Msajili aliinama kuelekea kwangu, akaninong'oneza: "Mwenyeji hana haja na mimi. Mgeni ndiye anayenihitaji kila siku. Nakushukuru." Kisha, kwa sauti kubwa, "Askari, msindikize mwanamke huyu. Na huyu Mtambuzi pia."

Mbaruku alifungua kamba kwenye jiwe, akazungusha ncha mkononi mwake. Hakuondoka.

"Mheshimiwa," alisema, "samahani. Kwangu tunakula huu kila siku. Mke wangu huuchuma asubuhi."

"Basi na wewe utaandikwa. Sindikiza kwanza."

"Nawasindikiza hawa. Na mimi nasindikizwa na nani?"

"Na mwenzako."

"Mwenzangu ni jirani yangu, mzee. Anakula kwangu."

Hakuna aliyecheka. Watu wa Jiwe la Pili, waliokuja kwa matembezi, walianza kutazama vikapu vyao, kisha vya wenzao. Mama mmoja mwenye kanga mpya alirudi nyuma hatua moja, akamkanyaga mumewe. Nilimwona mtu akiyatoa majani kikapuni mwake kimyakimya na kuyaangusha mtaroni, juu ya mengine yaliyoota humo humo, na kwa hivyo hayakuonekana tofauti.  Wangeweza kurukiana. Kwa muda fulani, nadhani mrefu, jambo lilikuwa limesimama kwenye ukingo, na sikuona kitakachowazuia.

Mzee Chande alikohoa. "Bwana," alisema, akiwa bado ameshika mwavuli, "na ule mchunga wa jana mchana? Uliokula na ugali ukaongeza?"

"Nyamaza, Chande."

"Nauliza tu. Nisije nikapika kosa."

 Msajili alimtazama mpishi wake, akamtazama askari, akatazama barabara, huku na huku, mawe na mawe na watu kati yake. Nilimwona akitafuta mtu mmoja wa kumwamuru, na macho yake yakipita juu ya kila mmoja na kuteleza. Mzee Chande aliushusha mwavuli, si kwa uasi, nadhani mkono ulimchoka. Jua likampiga Msajili utosini.

"Baraza limeahirishwa," alisema. Akachukua Kitabu mwenyewe, bila mto, akaondoka akitembea kando ya barabara, upesi kidogo kuliko kawaida. Atarudi. Mtu kama huyo hulala akaamka na kitabu kipya. Lakini wakati ule alikuwa ameondoka, na watu walibaki wamesimama juani kama waliosahauliwa na gari la msiba.

Mbaruku alijikuta bado ameshika kamba. Aliitazama. Bi Siwatu aliinuka, akajikung'uta, akaanza kutembea kuelekea nyumbani kwake, na kwa kuwa ncha nyingine ilikuwa mkononi mwa askari, askari akamfuata. Baada ya hatua chache alipiga magoti akamfungua, akaomba radhi kwa jina la Mungu.

Nilimkimbilia. Koti lilinibana, nikalivua. "Bi Siwatu, naja nawe. Nitaponda kokoto. Nitafanya lolote."

Alisimama. Kwa mara ya kwanza alinitazama kikamilifu, kwa muda mrefu, bila haraka, uso wote, kama ambavyo mimi sikuwahi kumtazama mtu.

"Hapana," alisema. "Wewe usinifuate nyumbani kwangu. Mimi sina cha kukufanya, na njaa inaniuma. Wewe nenda huko." Alinyoosha kidole chenye vumbi kuelekea Jiwe la Mwisho. "Nenda ukamlete mwanangu."

Barabara iling'aa kwa joto. Hakuna aliyewahi kurudi kutoka ng'ambo ile, na kwa kweli hakuna aliyewahi kutumwa kumfuata aliyekwenda. 

"Sikumtazama," nilisema. "Ulisema mwenyewe. Nitamtambuaje?"

Bi Siwatu alikuwa amekwisha inama mtaroni, anachuma.

"Utauliza jina lake," alisema. "Kama watu."